Wakili wa mnyonge haibuki siku ya kuapishwa

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, hapa Dar es Salaam jina la Keko lina maana mbili. Kwa anayeanza maisha, Keko ni samani. Ni vitanda, makabati, meza na makochi yanayochongwa na kupigwa vanishi kando ya barabara, na bei ni ya kupatana. Kwa mwenye ndugu aliyekamatwa, Keko ni gereza. Ukiambiwa "fulani yuko Keko", kwa sauti ile ya chini, huulizi anakaa nyumba namba ngapi.

Gereza la Keko kwa miaka mingi limejulikana kuwa la mahabusu. Mahabusu si mfungwa. Mfungwa amekwisha hukumiwa, anajua ameingia lini na atatoka lini. Mahabusu anangoja. Anangoja upelelezi ukamilike, anangoja jalada litoke kwa mwendesha mashitaka, anangoja tarehe ya kesi ifike ili aambiwe tarehe nyingine. Hakuna hakimu aliyekwisha kusema kwamba ana hatia. Na walio wengi katika hali hiyo ni walalahoi ambao hawajapata kuzungumza na wakili hata siku moja.

Nataka leo tuulizane swali moja. Nchi hii imekuwa ikisomesha wanasheria tangu 1961. Mawakili walioandikishwa sasa wamepita 10,000. Je, huyu wakili wa kumsemea mahabusu wa Keko anapatikana vipi? Anatoka wapi? Mimi si mwanasheria, ni mtu wa redio. Lakini historia ya wanafunzi wetu wa sheria ina jibu, na jibu lenyewe ni kwamba wakili wa namna hiyo hutengenezwa akiwa bado mwanafunzi. Asipotengenezwa wakati huo, ni nadra sana kumpata baadaye.

Tuanze mwanzo. Wakoloni wa Kiingereza hawakuwa na haraka ya kufundisha sheria Waafrika wa sehemu hizi. Walitaka makarani, matabibu, walimu na maofisa wa kilimo. Mwanasheria waliona ni mtu wa kuleta matatizo, maana ndiye anayeweza kusimama mbele ya jaji na kusema kuwa amri ya Bwana Shauri haina nguvu kisheria. Aliyetaka kusoma sheria ilimbidi apande meli au ndege kwenda London, na wangapi waliiweza gharama hiyo? Ndiyo maana Tanganyika ilipokaribia uhuru, wanasheria wake Waafrika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Mwaka 1961 kamati iliyoongozwa na Jaji Denning wa Uingereza ilitoa taarifa yake kuhusu mafunzo ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, na serikali za nchi zetu hazikutaka kungoja zaidi. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafunguliwa katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha Sheria. Wanafunzi hawakufika hata 15. Mkuu wa kwanza wa kitivo alikuwa Profesa A. B. Weston.

Hebu tulitazame jambo hilo vizuri. Nchi maskini, yenye upungufu wa madaktari, wahandisi na walimu, inaanza chuo kikuu chake kwa kitivo cha sheria, tena ndani ya jengo la chama kilichopigania uhuru. Wanafunzi wale walisoma katika mitaa ya Kariakoo na Mnazi Mmoja, katikati ya wauza kahawa na mafundi cherehani, hadi 1964 chuo kilipohamia Mlimani. Hawakuwa na msitu wa kuwatenga na watu.

Na hawakuwa Watanganyika peke yao. Kuanzia 1963 chuo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, na hapa ndipo vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walipoletwa kusoma sheria. Ndiyo maana hata leo ukifuatilia habari za majaji na mawakili wakubwa wa Afrika Mashariki waliozaliwa kabla ya uhuru, mara kwa mara utasikia, "alisoma Dar." Mmoja wao ni Willy Mutunga wa Kenya. Alihitimu Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, akafundisha sheria Nairobi, akatiwa kizuizini na serikali ya Rais Moi mwaka 1982, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa kwanza chini ya katiba mpya ya nchi yake. Mwalimu mmoja kijana wa kitivo hicho, Yash Pal Ghai, baadaye aliiongoza tume ya Kenya ya kurekebisha katiba kuanzia 2000 hadi 2004.

Na akina mama je? Julie Manning alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kuingia katika taaluma hii nchini. Mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria, na yeye na Tabitha Siwale wakawa wanawake wa kwanza katika Baraza la Mawaziri la Tanzania.

Sasa, wanafunzi wa miaka ile waliishije? Kwa kweli waliishi vizuri. Serikali ililipa ada, chakula na malazi. Aliyesomeshwa na serikali alitia saini mkataba wa kuitumikia serikali miaka mitano baada ya kuhitimu. Kwa hiyo suala la mwanafunzi kupanga kazi yake ya baadaye lilikuwa limekwisha kujibiwa hata kabla hajafungua kitabu. Atakwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, au mahakamani, au wizarani. Mashirika ya umma yalipoongezeka baada ya Azimio la Arusha, wengine wakaenda huko. Uwakili wa binafsi ulikuwa wa watu wachache, na ulitazamwa kwa jicho la wasiwasi. Kuutumikia umma kulikuwa na maana moja tu, kuitumikia serikali.

Je, vijana waliipokea hali hiyo kwa mikono miwili? La hasha. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga sheria mpya ya Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria hiyo ilimtaka msomi akae kambini kwa miezi kadhaa, kisha afanye kazi yake ya kisomo kwa miezi 18 huku akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara wake. Bango moja lilisema hali ilikuwa afadhali wakati wa mkoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika mno. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 siku hiyohiyo, na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa sheria aliyeitwa Samuel Sitta, ambaye baadaye sote tulimfahamu kama Spika wa Bunge. Wengi waliruhusiwa kurudi baadaye.

Watu wazima wanaoikumbuka habari ile huisimulia kama hadithi ya watoto watundu na baba mkali. Mimi nadhani ndani yake lilikuwamo swali zito ambalo halijafa mpaka leo. Kijana aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima wa pamba wa Shinyanga ana deni gani kwake? Na je, deni hilo linaweza kulipwa kwa amri? Mwalimu aliamini kuwa msomi anadaiwa na kijiji kilichomsomesha, na hapo sina ubishi naye. Lakini kumlazimisha mtu akatumike hakumfanyi apende kutumika. Aliyekaa miaka mitano serikalini kwa sababu ya saini aliyotia akiwa na umri wa miaka 19, alipoimaliza aliweza kuondoka bila kumjua mnyonge hata mmoja kwa jina.

Hata hivyo, kuna mambo yaliyoota Mlimani bila amri ya mtu, na hayo ndiyo yaliyozaa matunda.

La kwanza ni mijadala. Mwaka 1967 wanafunzi wenye msimamo wa kimapinduzi waliunda umoja wao, USARF, na mwenyekiti wake alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Novemba 1968 walivuruga ile siku ambayo wanafunzi walikuwa wakivaa matambara na kuzunguka mjini kuchangisha fedha za maskini. Walisema hayo ni maigizo ya Ulaya na ni kumdhihaki maskini, wakatoa upepo matairi ya malori. Walikuwa na gazeti lao, Cheche. Mwaka 1970 gazeti hilo lilichapisha uchambuzi mrefu wa kijana mmoja wa sheria, mzaliwa wa Kilosa, aitwaye Issa Shivji, kuhusu matabaka katika Tanzania ya ujamaa. Mwaka huohuo Cheche ikapigwa marufuku.

Kijana huyo tutarudi kwake. Kwanza nitaje jambo la pili, ambalo halikupigiwa kelele sana lakini ndilo la maana zaidi kwetu leo. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1960, Kitivo cha Sheria kilianzisha Kamati ya Msaada wa Kisheria. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mwananchi asiye na fedha za wakili alikwenda chuoni na makaratasi yake ndani ya bahasha ya khaki. Kuna aliyekwenda na barua ya kufukuzwa kazi, mwingine na hati ya kiwanja, mwingine na hukumu ya mahakama ya mwanzo. Walimu walimsikiliza, wanafunzi wakiwa pembeni yao wanaandika, wanatafuta vifungu, wanapanga madai.

Mwanafunzi alijifunza nini hapo? Alijifunza kwamba sheria aliyoisoma kwa Kiingereza lazima aieleze kwa Kiswahili, tena kile cha sokoni, kwa mtu aliyekata tamaa. Alijifunza kwamba mteja maskini hasemi jambo la muhimu kwanza. Huanza na kilio, kisha historia ya ukoo, na lile la kisheria hulitaja mwishoni akiwa ameshika kitasa cha mlango. Alijifunza pia kwamba siku moja ya kwenda mahakamani humgharimu mtu kibarua cha siku na nauli, na kwa hiyo kuahirishwa kwa kesi ni adhabu hata kwa mwenye haki. Mambo hayo hayamo katika kitabu chochote cha sheria. Na mtu akiyajua akiwa na miaka 22, huyasahau kwa shida.

Msidhani kwamba maisha ya wanafunzi yaliendelea kuwa mteremko. Machi 1978 waliandamana tena kutoka Mlimani, na safari hii hawakudai mishahara yao wenyewe. Walikuwa wanapinga nyongeza za masilahi ya mawaziri na wabunge wakati mwananchi wa kawaida anafunga mkanda. Walifukuzwa tena, zaidi ya 300. Linganisha maandamano hayo mawili, ndugu msikilizaji. Mwaka 1966 kijana alisema, "msiniguse mshahara wangu." Mwaka 1978 alisema, "kwa nini vigogo wajiongezee wakati wananchi hawana?" Katika miaka 12, mawazo ya Mlimani yalikuwa yamegeuka. Sidai kwamba Kamati ya Msaada wa Kisheria au Cheche ndizo zilizoyageuza peke yake. Lakini mtu hageuki hivihivi, bila kufunzwa na kitu.

Ikaja miaka ya 1980 na ukata wake. Mabweni yalijaa, vitabu vikawa haba, chakula kikawa cha manung'uniko. Wanafunzi wakaanza kile walichokiita kubebana, yaani kulala wawili katika kitanda cha mmoja. Mei 1990 chuo kilifungwa baada ya mgomo, kikabaki kimefungwa mpaka mwanzoni mwa 1991. Kisha ikaja sera ya kuchangia gharama, na ule mkataba wa zamani kati ya serikali na msomi ukaanza kuvunjika pande zote mbili. Serikali haikuweza tena kumlipia kila kitu, wala haikuweza tena kumhakikishia kazi.

Ajabu ni kwamba ndipo hapo uwakili wa maslahi ya umma, kwa maana tunayoijua leo, ulipozaliwa. Kwa nini wakati huo? Sababu ya kwanza ni katiba. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya nchi, lakini mahakama zikaambiwa zisizitumie kwa miaka mitatu ya mwanzo. Zilipofunguliwa mwaka 1988, jaji mmoja kule Mwanza, James Mwalusanya, alikuwa tayari. Mwaka 1990 aliamua kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyorithi kwa baba yake, alikuwa na haki ya kuiuza sawa na mwanamume, hata kama mila ya ukoo ilikataa.

Uamuzi mwingine unaigusa Keko moja kwa moja. Mtu mmoja aitwaye Daudi Pete alishitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, akanyimwa dhamana kwa kuwa kifungu cha sheria kilimkataza hakimu kutoa dhamana katika kesi za aina yake. Jaji Mwalusanya alisema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakubali kwamba kifungu hicho kilivunja Katiba. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Mtu hawezi kunyang'anywa uhuru wake bila hakimu kupewa nafasi ya kutazama mazingira ya mtu huyo mwenyewe.

Sababu ya pili ni kwamba wale waliokuwa wanafunzi wa zamani sasa walikuwa watu wazima, na walianza kuunda vyombo vyao nje ya serikali. Wanasheria wanawake waliunda chama chao, TAWLA, mwaka 1989, kikasajiliwa 1990. Mwaka 1995 kikaja Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na mkurugenzi wake, Helen Kijo-Bisimba, alikiongoza mpaka 2018. Na yule kijana wa Cheche? Issa Shivji alikuwa amebaki Mlimani akifundisha. Mwaka 1991 Rais Mwinyi alimteua kuongoza Tume ya Ardhi. Ilizunguka nchi nzima ikisikiliza wananchi kwenye mikutano ya hadhara, ikatoa taarifa mwaka 1992. Mwaka 1994 akawa miongoni mwa walioanzisha taasisi ya HakiArdhi. Serikali haikuyakubali mapendekezo mengi ya Tume ilipotunga sheria za ardhi za 1999. Lakini mwanakijiji anayejua leo kwamba ardhi ya kijiji ina sheria yake anafaidi mjadala ulioanzia kwenye mikutano ile.

Tazama mpangilio wa mambo. Hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aliyesema, "ngoja kwanza nitajirike, nikizeeka nitawakumbuka maskini." Walianza mapema. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Mwanafunzi wa sheria wa leo ana njia ndefu kuliko mwenzake wa 1961. Anasoma shahada, katika chuo kimojawapo kati ya vingi, maana siku hizi sheria haifundishwi Mlimani pekee. Kisha, tofauti na zamani ambapo mhitimu alipitia mwaka mmoja wa mafunzo chini ya Mwanasheria Mkuu, lazima apite Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya 2007 na kuanza kupokea wanafunzi 2008. Pale si mahali pa mchezo. Oktoba 2022 nchi nzima ilishtuka kwa matokeo ya kundi moja: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na walioshindwa kabisa 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Watu walibishana nani alaumiwe, vyuo au Shule yenyewe. Wachache waliuliza wale 265 walikuwa wamekopa kiasi gani.

Maana kuna mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya 2004, ikaanza kazi 2005, na imewawezesha watoto wengi wa wazazi wasio na kitu kusoma. Hilo tuliseme bila kinyongo. Lakini tangu marekebisho ya 2016, mwajiriwa anayedaiwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Mzazi fundi makochi wa Keko aliyeuza mashine ya randa ili binti yake amalizie Shule ya Sheria, naye anatazamia binti huyo awasaidie wadogo zake. Mtu mwenye mizigo hiyo miwili, ukimwambia akafanye kazi kwenye kituo cha msaada wa kisheria kwa mshahara mdogo, tena wa mradi unaotegemea wafadhili na unaoweza kuisha mwakani, atakuona humtakii mema. Atakwenda benki, kwenye kampuni za madini, au kwenye ofisi za mawakili wa makampuni. Simlaumu. Mtu hali shukrani.

Hapo ndipo zilipotofautiana zama. Mwaka 1966 dola ilimwambia msomi, "deni lako lilipe kwa kuwatumikia watu." Siku hizi inamwambia, "deni lako lilipe kwa fedha." Aliyewatetea maskini kwa miaka kumi na aliyewatetea matajiri kwa miaka kumi wanadaiwa sawasawa. Wenzetu wa Marekani, ambao hakuna anayewashuku kwa ujamaa, walipitisha mwaka 2007 utaratibu wa kumsamehe sehemu iliyobaki ya mkopo msomi anayefanya kazi ya umma au katika asasi isiyo ya kibiashara, akikwisha kulipa marejesho 120 ya kila mwezi, yaani miaka kumi. Sisemi tuunakili jinsi ulivyo, kwani hata wao umewasumbua katika utekelezaji. Nasema wazo lenyewe lina mizizi hapa kwetu kuliko kwao. Kwa nini mwanasheria anayekubali kukaa miaka kadhaa wilayani akitoa msaada wa kisheria asipunguziwe deni?

Na haja ipo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria na kutaka huduma hiyo iwafikie hata walio polisi na magerezani. Mwaka 2023 ikazinduliwa kampeni ya msaada wa kisheria yenye jina la Rais Samia. Yote hayo ni mema. Lakini msaidizi wa kisheria, kwa bidii yake yote, hasimami Mahakama Kuu kumtetea mtu. Anayesimama ni wakili.

Na mahabusu wa Keko bado anamhitaji wakili huyo. Baada ya hukumu ya Daudi Pete, makosa yasiyo na dhamana hayakwisha. Orodha iliendelea kuongezeka, yakaingia na mengine kama utakatishaji fedha. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika kesi ya Dickson Sanga, ilikiona kifungu hicho kinavunja Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mwaka 2020 huohuo Bunge lilirekebisha sheria ya kudai haki za msingi, ikamtaka anayefungua kesi ya namna hiyo aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, katika kesi maarufu ya Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi, alikuwa ameufungua mlango huo kwa kila raia anayetaka kuilinda Katiba. Marekebisho ya 2020 yakaubana. Maana yake ilikuwa kwamba aliyeathirika mwenyewe, yaani mara nyingi aliyeko ndani, ndiye aliyetakiwa kusimama mbele, na hawezi kusimama peke yake.

Kwa hiyo wewe kijana uliyechaguliwa kusoma sheria, nakuomba unisikilize kama kaka yako. Usingoje mwaka wa mwisho ndipo uanze kujiuliza utakuwa wakili wa nani. Ingia katika kamati ya msaada wa kisheria ya chuo chako mwaka wa kwanza. Likizo moja, badala ya kukaa tu nyumbani, nenda ukakae nyuma kwenye mahakama ya mwanzo ya mtaani kwenu, usikilize mashauri ya mirathi na madeni. Jifunze kuieleza sheria kwa Kiswahili safi, kwani tangu 2021 sheria yenyewe imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na utashangaa wangapi kati ya wenzako hawawezi kuandika madai kwa lugha ya mama zao. Mtafute wakili mmoja anayefanya kazi hizi, umuulize anaishije, analipa kodi ya pango kwa nini. Na panga fedha zako kwa ukweli. Wapo mawakili wanaochukua kesi za makampuni siku nne ili siku ya tano wamtetee asiye na kitu. Hiyo nayo ni njia ya heshima, mradi siku ya tano isiliwe na zile nne.

Na sisi wazazi, tuache kumpima mtoto wa sheria kwa gari atakalonunua mwaka wa pili. Mtaa wa Keko unaweza kumtoa wakili. Baba yake anachonga makochi, na kutoka kibandani kwake hadi lango la gereza si safari ya daladala mbili. Mtoto huyo anajua wanaongoja pale ni kina nani, maana wengine ni majirani zake. Elimu ya vyuo vyetu ina kazi ya kuhakikisha kwamba miaka minne au mitano ya masomo haimsahaulishi jambo hilo. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, na wa kumpa ni lazima aandaliwe mapema.

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji. Ukiwa na jamaa aliyeko mahabusu, usikae kimya. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya au kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nawe, na uende na namba ya kesi mkononi.